Nililala Mbele ya Kombi ya Harusi, Wakasema ni Wivu

Asubuhi ambayo mdogo wangu Jovita alikuwa anakwenda kufunga ndoa, mimi nililala barabarani mbele ya gari lake.

Sikuanguka. Nililala kwa makusudi, na gauni langu jipya la buluu, mgongo kwenye udongo mwekundu, kichwa hatua moja kutoka kwenye tairi ya mbele.

Injini ilikuwa inaunguruma. Akina mama walikuwa wanaimba. Wimbo ukakatika katikati.

Nikamsikia mtu anasema, "Huyu dada yake kapatwa na nini?"

Sasa kabla na wewe hujaniita mwenye wivu kama walivyoniita wao, tulia nikusimulie.

Ilikuwa mwaka 1974, kwetu Ijumbi, Muleba. Mkoa ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Watu walikuwa wanahamia vijiji vya ujamaa, na tairi ya gari ilikuwa kitu cha kutafuta kwa maombi.

Mimi naitwa Kokushubila. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minane na sijaolewa. Hilo la kutoolewa lishike vizuri, maana ndilo lililoniponza.

Nilikuwa nauza kaunta kwenye duka la tairi na vipuri la mzee Burhani, Bukoba mjini. Usicheke. Mwanamke kuuza tairi enzi zile ilikuwa shughuli. Wanaume walikuwa wakiingia, wananiruka kwa macho, wanauliza, "Mwenye duka yuko wapi?"

Wengi wao walikuja na kamba ya mkonge.

Ndiyo, kamba. Mtu amepima ringi ya gari lake kwa kamba, amefunga fundo, anataka tairi inayolingana na fundo. Ikiingia, kwake imetosha.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwakatalia. Tairi ubavuni ina maandishi. Kuna namba ya unene wake, kuna namba ya ringi inayoingia, halafu kuna namba ya uimara, yaani matabaka ya nyuzi yanayobeba uzito. Tairi ya teksi na tairi ya kombi zinaweza kuwa na ringi sawa kabisa. Kamba haiwezi kukuonyesha tofauti. Mzigo ndio unaokuonyesha, tena mteremkoni.

Basi turudi harusini.

Bwana arusi alikuwa Anatory, mwalimu, anaishi Bukoba mjini. Misa ilikuwa huko huko mjini, saa tano. Usafiri alijitolea baba yake mdogo, mzee Mutembei, mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa kule Kimwani. Kijiji chao kilikuwa na kombi ya Volkswagen. Ilibeba wagonjwa, mbegu, walimu, kila kitu.

Kombi ile nilikuwa naijua. Ilikuwa inapita dukani kwetu ikiwa imechoka, matope hadi madirishani.

Asubuhi ile ilifika inang'aa kama sahani ya wageni. Imeoshwa, imefungwa maua na majani, na tairi za nyuma zina mstari mweupe ubavuni. Watoto waliikimbilia kuishika.

Mzee Mutembei akashuka na suti yake. "Waitu, wapendwa wetu, tumekuja kumchukua binti yetu," akasema.

Hapo ndipo mikungu ilipoanza kuja.

Kama hujazaliwa kwetu, sikia. Harusi ya nyumba moja ni harusi ya kilima kizima. Kila nyumba inaleta mkungu wa ndizi bibi arusi aende nao kwa wakwe. Mwingine analeta na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Haendi mikono mitupu binti wa watu.

Na mkungu ukishapokelewa haurudishwi. Kuurudisha ni kumwambia jirani kwamba chakula chake hakifai.

Kwetu ndizi hazihesabiwi kuwa mzigo. Ndizi ni heshima. Ukimuuliza mtu wa Ijumbi gari lina mzigo gani, atakuambia halina kitu, lina ndizi tu.

Kiti cha nyuma kilikuwa kimetolewa. Mikungu ikapangwa pale nyuma, ikapanda, ikafika madirishani. Kombi ikawa inashuka kidogo kidogo kila mama akileta wake.

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika shada. Macho yakaenda kwenye tairi za nyuma. Ni mazoea ya kazi tu.

Zilikuwa zimelala. Ubavu umetoka nje, mstari mweupe umepinda.

Nikainama nikasoma. 5.60-14, matabaka manne.

Nikaenda mbele nikasoma. 7.00-14, matabaka manane.

Za mbele zilikuwa za kombi. Za nyuma, kule kulikobeba injini na ndizi za kilima kizima, zilikuwa tairi za gari dogo la kutembelea. Mpya kabisa, nzuri kabisa, na hazifai kabisa.

Nikamfuata dereva. Kijana mtulivu anaitwa Ildefons.

"Hizi tairi za nyuma zimetoka wapi?"

"Dada, mimi nimekabidhiwa gari alfajiri likiwa hivi hivi. Muulize Mwenyekiti."

Nikamuuliza Mwenyekiti. Akatabasamu.

"Zile kuukuu zina viraka, tumeziacha Kimwani. Leo ni siku ya heshima, binti."

"Mzee, hizi hazibebi. Zitapasuka kwenye mteremko."

"Zimeingia kwenye ringi au hazijaingia?"

"Zimeingia."

"Basi."

Nikaenda kwa tata, yaani baba yetu. Alikuwa na wazee wenzake, wanatafuna kahawa. Nikamwambia mikungu ipunguzwe, angalau nusu.

"Kokushubila," akasema taratibu, "leo usinitie aibu."

Nikaenda kwa mama. Mama akasema, "Nirudishe mkungu wa nani? Wewe chagua, halafu ukamwambie mwenyewe."

Wakati huo Jovita alikuwa ameshaingizwa kwenye gari. Na kwa ukoo wetu, bibi arusi akishaketi garini hakanyagi tena ardhi ya baba yake siku ile. Akishuka, harusi imeingia mkosi.

Ildefons akawasha. Kombi ikajitingisha, ikaanza kugeuka.

Nikaona kabisa mteremko wa kutoka kwetu kwenda barabara kuu. Nikaona makorongo kila upande. Nikamwona mdogo wangu na shela lake.

Ndipo nikalala chini.

Mzee Mutembei alishuka akasimama juu yangu. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Akawageukia watu akasema, "Mwenye wivu hasemi ana wivu. Anasema tairi."

Watu wakacheka. Kilima kizima kikacheka, na mimi niko chini.

Jovita akatoa kichwa dirishani. "Dada, ondoka tafadhali."

"Shuka kwanza wewe."

"Unajua siwezi kushuka."

"Jovita, hizi tairi zitakuua."

Akaanza kulia, wanja ukamchuruzika. Halafu akasema neno ambalo hajawahi kulirudia, ila lilishatoka. "Ulitaka uwe wewe, sivyo? Si ungesema tu."

Weee. Nimechapwa na mwalimu, nimechapwa na tata, ila fimbo ile sijawahi kuipata tena.

Nikainuka. Nikajipangusa udongo. Kila mtu alidhani yameisha.

Nikazunguka, nikafungua mlango, nikapanda nyuma kwenye mikungu, nikaketi palepale juu ya tairi.

"Kama ni wivu," nikamwambia Mwenyekiti, "basi nitakufa nao humuhumu. Twende."

Ndani tulikuwa watano. Ildefons kwenye usukani, Mutembei kando yake. Kiti cha kati Jovita na msimamizi wake, Felicitas, rafiki yake wa shule. Na mimi nyuma na ndizi.

Jovita alinipa kisogo.

Tulipoanza kushuka nikasema, "Ildefons, gia ndogo. Usikanyage breki muda mrefu."

"Anaendesha yeye au wewe?" Mutembei akauliza.

Ildefons akapunguza gia. Nilimsikia.

Kombi ilikuwa inayumba. Kila kona nyuma inataka kwenda kwake na mbele kwake. Hiyo ni kawaida ya gari lenye tairi ngumu mbele na laini nyuma, mkia unaogelea. Felicitas akatoa rozari.

Tukafika barabara kuu salama, tukashika njia ya Bukoba. Mutembei akageuka akaniangalia kwa ushindi. "Umeona?"

Nilikuwa nasikia harufu.

Mpira wa moto una harufu yake. Ukishauza tairi huwezi kuichanganya na kitu kingine.

"Simamisha gari," nikasema.

"Misa ni saa tano," Mutembei akasema. "Padri ana misa nyingine kigangoni baada ya yetu. Asipotukuta anaondoka."

"Ildefons, ndugu yangu, simamisha."

Akasimamisha. Nikashuka nikagusa tairi ya nyuma kushoto kwa kiganja. Nikautoa mkono haraka, kama nimeshika sufuria jikoni.

Felicitas akachungulia. "Si tupunguze upepo? Umejaa sana labda."

"Hapana. Ukipunguza upepo inajikunja zaidi, ikijikunja inazidi kuchemka. Uzito ndio wa kupunguza. Hakuna kingine."



"Ndizi haziondoki," Mutembei akasema. "Nitafika kwa ndugu zangu na bibi arusi mikono mitupu? Watasema tumemwokota njiani?"

Pale barabarani alikuwa anapita bibi mmoja na jembe begani. Alipoona shela akasimama kando, akainama kwa heshima. Ndipo nikapata akili. Mkungu hauwezi kurudishwa, sawa. Lakini nani alisema hauwezi kutolewa zawadi?

Nikamtazama Jovita. Ndizi zilikuwa zake. Yeye peke yake ndiye angeweza kusema.

"Mdogo wangu, nichukie kesho. Nichukie mwaka mzima. Leo gusa hii tairi tu."

Pale haikuwa tena ardhi ya tata. Akashuka, ameshika gauni, akainama, akaweka vidole vyake.

Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika. Hakunitazama mimi, alimtazama Mutembei.

"Mpe yule bibi mkungu," akasema. "Mwambie bibi arusi anamsalimu."

Bibi akapokea kwa mikono miwili. "Kasinge, waitu," akashukuru, akapiga goti. Machozi yakanitoka, sijui kwa nini. Nadhani ni hofu tu ilitafuta mlango.

Kuanzia hapo, kila penye watu tulisimama. Mkungu kwa mama anayechota maji. Mkungu kwa vijana wanaolima barabara. Kibuyu cha rubisi kwa mzee aliyedhani tunamtania. "Bibi arusi anawasalimu." Watu wanapiga vigelegele, sisi tunaangalia tairi.

Mutembei alikuwa amevimba kwa hasira. Lakini jinsi rundo lilivyopungua, hasira yake ikageuka kitu kingine. Akaanza kutoka jasho. Akaacha kiti cha mbele, akaja nyuma.

"Zimetosha sasa. Hizi za chini zibaki."

"Mzee, bado tairi imevimba, na mbele yetu kuna mteremko wa Muhutwe."

"Nimesema zibaki."

Akaketi juu ya mikungu na suti yake. Mwenyekiti mzima, anakalia ndizi.

Hapo nikajua kuna jambo.

"Mzee, inuka."

Hakuinuka. Ikabidi Ildefons, ambaye hakuwahi kumpinga mtu huyu maishani mwake, ashuke, azunguke, afungue mlango wa nyuma. Akavuta mkungu mmoja wa chini. Akavuta wa pili. Yakaja majani makavu ya mgomba. Chini ya majani pakawa na kitu cheusi.

Tairi mbili. Zina ringi zake, zina matope yake, zina viraka vyake.

Nikasoma, ingawa sikuwa na haja ya kusoma. 7.00-14, matabaka manane.

Tairi ambazo zilipaswa kutubeba tulikuwa tumezibeba sisi.

Wote tulimtazama Mutembei, na yeye alitazama viatu vyake.

"Ilikuwa kwa ajili ya picha," akasema.

"Picha gani?"

"Ya mbele ya kanisa. Mpiga picha ameshaandaliwa. Sikutaka watu waone viraka. Hizi za mstari nimeziazima. Baada ya picha ningezirudisha zile."

"Na nilipolala chini? Hukuweza kusema hata pale?"

"Mbele ya wakwe? Waseme mwenyekiti kavalisha gari nguo za kuazima?"

Sikiliza, mimi nina hasira za karibu. Siku ile nilitamani kumpiga mtu mzima kwa mkungu wa ndizi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu wajukuu zake wananifuata kwenye ukurasa huu. Alikuwa tayari kumpeleka mdogo wangu korongoni kuliko kuonekana na kiraka.

Alivua koti. Sitamnyima haki yake. Alivua koti, akapiga magoti kwenye vumbi, akafungua nati kwa mikono yake, na Ildefons akaweka jeki.

Tairi ya kushoto ilipotoka, Ildefons akaigeuza upande wa ndani, ule ambao kiganja changu hakikuweza kuufikia.

Ulikuwa umechanika. Na kwenye ule mchaniko mpira wa ndani ulikuwa umechungulia nje, umevimba kama kitovu cha mtoto.

Hakuna aliyeugusa. Felicitas alikaa chini kabisa, barabarani, na nguo zake za harusi.

Jovita akanishika mkono. Hakusema samahani. Alinishika tu, na kucha zake ziliacha alama.

Tukafika Bukoba tumechelewa. Padri alikuwa ameshavaa kofia ya safari. Alipoona bibi arusi ana weusi wa tairi kwenye gauni, na dada yake ana udongo mgongoni, akaivua akarudi altareni. Wakafunga ndoa. Picha ikapigwa na viraka vyote vinaonekana.

Ukidhani nimemaliza, ngoja karamuni.

Ndugu wa Anatory walikuwa wanangoja ndizi za Ijumbi. Wakashusha mikungu michache tu. Minong'ono ikaanza. Mzee mmoja wa kwao akasimama akauliza waziwazi, je, binti huyu ametoka nyumba gani isiyo na shamba?

Mutembei akainuka. Nikajisemea, sasa atasema ukweli.

"Ndugu zangu," akasema, sauti tulivu kabisa, "msiwe na haraka. Kule Ijumbi ukoo huu una mila yake. Bibi arusi wao hafiki na ndizi zote. Anazigawa njiani kwa wapita njia, ndoa ipate baraka za watu asiowajua. Nimeishuhudia leo kwa macho yangu."

Watu wakapiga makofi. Yule mzee akakaa chini akitikisa kichwa kwa heshima.

Mimi nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Jovita akanivuta chini. "Dada, ndoa yangu ina umri wa saa tatu tu. Ukimwaibisha leo, nitaishi na aibu hiyo mimi. Nyamaza. Niapie."

Nikaapa.

Na hapo ndipo nilipoumia. Karamuni Bukoba jambo likawa mila. Ijumbi, walikobaki tata, mama na wote walioniona nimelala chini, hakuna aliyewahi kuambiwa habari ya tairi. Kwao nikabaki Kokushubila aliyemwonea wivu mdogo wake. Tata alikufa akiamini hivyo. Harusi za ukoo nilikuwa nawekwa jikoni, mbali na bibi arusi, nisije nikampa mkosi.

Mutembei alipata sifa, mimi nikapata jina.

Na ile mila? Ipo. Wakwe wakaitarajia kwa kila binti wetu, na mpaka leo harusi za ukoo wetu wanagawa ndizi njiani. Juzi kijana mmoja amebandika picha mtandaoni, ameandika kwamba ni desturi ya mababu tangu enzi za wafalme. Watu mia nne wamependa. Nyuma yake kwenye picha kuna Hiace imelala kwa ndizi na abiria, na tairi za nyuma ni za gari dogo. Nimeikuza picha, nimeziona.

Wameshika mkungu, wameacha tairi.

Ndiyo maana leo nimevunja kiapo. Mutembei, Felicitas na Ildefons wote wametangulia. Mungu awapumzishe, hata yule aliyetaka picha ya kanisani.

Ninyi mnaonunua tairi, acheni kuuliza kama inaingia. Kuingia ni rahisi, hata mwizi anaingia. Inama usome ubavuni. Linganisha na kile ambacho gari lilitengenezewa, mbele na nyuma. Uliza inabeba uzito gani, halafu hesabu uzito wako wote, na vile vitu mnavyoviita si mzigo uvihesabu pia. Mtu akikwambia gari halitoki, mwangalie machoni kabla hujamwita mwenye wivu.

Jovita atasoma hapa. Ana simu, ana watoto sita, na hasira zake ni kama zangu. Najua jioni atanipigia kunigombeza kwamba nimeanika mambo ya ukweni.

Acha agombeze. Yupo hai wa kugombeza.